Nilivyopanga tarif za wafanyakazi kwenye programu ya cabinet, Butembo na Beni, vita ikiwa mlangoni

Wakuu, nawasalimu kutoka Butembo, kwenye baridi yetu.

Juzi mwenzetu mmoja aliuliza humu namna ya kuweka bei ya saa ya kila mfanyakazi kwenye programu ya ofisi. Majibu yalikuwa mazuri, ila yote ya watu walioko kwenye amani. Mimi kazi hiyo niliifanya wakati wa vita. Sitatia chumvi, nawapa vile ilivyokuwa.

Nilikuwa comptable, yaani mhasibu, katika cabinet moja ya uhasibu pale Bulengera, Butembo. Tulikuwa na bureau ndogo, ofisi ya tawi, kule Beni, na aliyeishika ni Yaya Masika. Yaya kwetu ni dada mkubwa. Mkubwa wangu kwa umri na kwa kazi. Wafanyabiashara wa kahawa na mbao kule walikuwa wanamwamini kabisa.

Patron, mwenye cabinet, akaletewa programu kutoka Kampala, kwenye CD. Mnaandika masaa yenu, mteja kwa mteja, programu inatoa facture ya kumdai kila mmoja. Akaniita.

"Kavira, hii kitu ni yako. Uipange."

Wakuu, nilivimba kichwa! Wanaume watatu walikuwa mbele yangu kwa cheo ofisini, na akanipa mimi.

Kwa wasiojua: kila mtu anapewa bei mbili. Ya kwanza ni ile anayoigharimu ofisi kwa saa moja. Unachukua mshahara wake, usafiri, na vingine vyote, unagawa kwa masaa aliyoandika. Ya pili ni ile anayotozwa mteja, ndiyo tarif. Kati ya hizo mbili ndipo cabinet inapoishi.

Nikaingiza watu wote na masaa yao ya mwezi uliopita. Umeme hakuna, groupe, jenereta yetu, inanguruma uani na kunywa mafuta, na mimi nabonyeza tu.

Matokeo yakatoka. Saa ya Yaya Masika ilikuwa ghali kuliko ya Patron mwenyewe!

Patron akatazama screen muda mrefu.

"Huyu mama anatukula. Nani kule Beni atalipa tarif ya namna hii? Mwisho wa mwezi tunafunga ile bureau."

Yaya Masika alikuwa na watoto, na ndugu waliokimbia vita kutoka kijijini walikuwa wamejaa kwake. Na mimi ndiye niliyebonyeza.

Nikamwambia Patron anipe nafasi nikahakikishe kwanza. Akakubali kwa shingo upande.

Barabara ya Beni, iliyokuwa imefungwa kwa vita, ilipofunguliwa nikapanda camion ya maharagwe iliyotoka Musienene. Tulipita gari lililochomwa, dereva akafanya ishara ya msalaba, akaongeza mwendo.

Beni joto. Yaya Masika nilimkuta anafanya kazi kwenye depot ya mteja, maana kwenye bureau yetu madirisha yalikuwa yamevunjika. Nikamweleza yote. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu:

"Masaa ya kujificha niandike wapi?"

Akanionyesha karatasi yake ya masaa.

"Siku balipiga masasi, nilikaa chini ya kitanda na batoto. Niandike kwa client gani? Alipe woga yangu? Hapana, Kavira. Niliacha wazi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mshahara wake wa mwezi mzima programu iligawa kwa masaa machache tu aliyoweza kufanya kazi. Vita ilikuwa imepandishwa yote mgongoni kwa mtu mmoja.

Nikarudi Butembo na hasira nzuri.

Nilifungua sehemu mpya kwenye programu, nikaiita VITA, kwa wote, wa Beni na wa Butembo. Gharama ya mtu nikaigawa kwa masaa yote aliyokuwa tayari kufanya kazi. Hasara ya masaa ya vita nikaiweka pamoja na kodi ya ofisi na mafuta ya groupe, kila tarif ibebe kidogo.

Patron akaruka. "Client ya Butembo alipe vita ya Beni?"

"Patron, vita hapana ya Beni peke. Siku barabara ilifungwa, hata siye hapa tulikaa bure. Weye mwenyewe uliandika 'réunion', mukutano, muchana muzima. Réunion na nani?"

Nikajua nimekwisha.

Patron akaanza kutabasamu, kisha akacheka mpaka akavua miwani.

"Na redio," akasema. "Nilikuwa na réunion na redio."

Akakubali. Tarif za Butembo zilipanda kidogo sana, hakuna mteja aliyeondoka. Ya Yaya Masika ikarudi mahali pake, na bureau ya Beni haikufungwa hata kwenye miezi mibaya kabisa. Baadaye cabinet nyingine mbili ziliniita niwapangie zao. Nilikwenda na kitenge kipya, acheni nijisifu.

Nilichojifunza: programu inagawa, haiulizi. Kabla hujasema mtu ni ghali, nenda mpaka anapofanyia kazi ukamuulize ni nini kinamla masaa.

Wenye ofisi sehemu zenye vurugu, mafuriko au umeme wa kubahatisha, masaa yaliyopotea nyinyi mnayaweka wapi? Na kama mnaona nilikosea kuwabebesha wateja wote, semeni tu. Tubishane.