Tawi Bichi Njiani Msituni

Leo kwenye kilima nimepitwa na mama aliyebeba gunia la mahindi kwenye keria ya baiskeli yake. Mimi nina baiskeli ya gia na helmeti.

Nyie chekeni tu.

Kabla ya hapo, kwenye msitu nje ya Misunkumilo walikochimba dhahabu zamani, nilikuta tawi bichi katikati ya njia. Nikashuka, nikalitupa pembeni.

"We kaka, rudisha hilo tawi," mama huyo akaniambia kutoka nyuma.

Hatua mbili mbele yangu kulikuwa na shimo la wachimbaji, limefunikwa na nyasi.

Kumbe kila asubuhi akienda shambani anakata tawi jipya. "Likikauka, watu wanadhani limeanguka lenyewe."

Nimelirudisha kwa mikono miwili.

Mkikuta tawi bichi huko, jueni kuna mtu ameamka mapema kwa ajili yenu.