Siku Niliyomhukumu Mzungu wa Watu Kagongwa

Najua wengi mmeshaisikia hii, na kila mdomo umeongeza chumvi yake (yuko mmoja anaapa eti nililia, sikulia, nilipenga kamasi tu, vumbi la pumba mnalijua), kwa hiyo leo naieleza mwenyewe, maana aibu ikishatembea mji mzima uchi, afadhali mwenyewe uivishe japo kanga.

Ilikuwa Jumamosi, wageni wa posa ya binti yangu Zuhura wanatoka Shinyanga mjini, Kambarage, wanakuja kwetu Kagongwa. Msafara unaongozwa na shangazi wa kijana, Bi Salma, ambaye sifa zake zilifika kabla yake: kwamba aliwahi kugeuza posa mlangoni kwa sababu mama wa binti alicheka kwa sauti. Na mama wa binti safari hii ni mimi, mnanijua, hata nikinong'ona jirani anaitika. Nimevaa dera jipya na viatu vya kisigino, nyama ya pilau ipo jikoni, mchele ndio hakuna, na badala ya kumtuma mtu nikasema ngoja niende mwenyewe kwenye mashine za kukoboa, nichague kwa mkono wangu, mara moja tu narudi.

Mara moja tu!

Nafika kwenye kiwanja cha mashine, panapoanikwa mpunga, nakuta watu wamejazana, katikati yao gari la kazi limepanda juu ya maturubai mawili ya mpunga ulioanikwa, mpunga umechanganyika na mchanga na kokoto, na kando ya gari amesimama kijana wa Kizungu mwekundu kama nyanya. Anaitwa Tomasi, fundi wa mitambo ya kuchoronga, yaani kutoboa, miamba ya dhahabu kule upande wa Geita. Alikuwa anaendesha mwenyewe, akaona apite njia ya mkato, na njia ya mkato ndiyo ile.

Sasa kile kiwanja kina sheria yake, na haina mkubwa. Ukikanyaga mpunga wa mtu, uwe na boda, uwe na lori, unafungwa kanga kiunoni, unakalishwa kwenye mkeka, unapewa ungo, unapepeta na kuchambua kokoto moja moja mpaka mwenye mali aseme inatosha. Ukitoa hela unarudishiwa. Wanaume wanaiogopa kuliko mahabusu.

Lakini siku hiyo sheria ilikuwa imepata kigugumizi. Shija, kijana wa Kahama anayefanya kazi na Tomasi, alikuwa anamtetea: "Jamani huyu mgeni, sheria za hapa atazijulia wapi? Na kwao wana ubalozi. Mwacheni alipe, yaishe." Masanja wa bodaboda akaruka: "Yaya, hapana! Mimi juzi nimepepeta hapa hapa mpaka mchumba wangu akapita akaniona, leo huyu anatoa noti?" Na Mama Kabula, mwenyekiti wa akina mama waanikaji, mwanamke ambaye siku zote anamkemea hata diwani, alikuwa anafuta jasho, anasema labda tuwaite polisi, labda tusubiri, mambo ya Wazungu bwana.

Hapo ndipo nilipaswa kununua mchele wangu niondoke zangu. Badala yake nikapanda juu ya kreti la soda.

"Mama Kabula, shikamoo," nikaanza (heshima kwanza, kuharibu baadaye). "Mpwa wangu alikwenda huko kwao, akavuka barabara taa haijamruhusu. Walimuuliza kama ni mgeni? Walimwandikia faini! Hakuna aliyesema maskini, kwao Tanga hakuna taa nyingi. Sasa kwa nini sisi kwetu tunaanza kutetemeka? Kosa limefanyika Kagongwa, adhabu ya Kagongwa!"

Watu wakashangilia. Jamani, kushangiliwa kubaya, kunalevya kuliko gongo. Nikaongeza sauti.

"Mimi mwenyewe hapa mgeni! Nimezaliwa Tanga, Kisukuma chenyewe naokoteza. Lakini nikikosea hapa, nihukumiwe kama nyie! Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo..." na hapo, ili mfano uingie vizuri, nikafumba jicho, nikawageukia wa upande wa pili, "...fumba lako jicho!"

Kreti likayumba. Kisigino kikatafuta ardhi hakikuipata, nikaenda kinyumenyume na dera langu limejaa upepo kama mwavuli, nikatua makalio kwenye mchele wa Kwandu, mmoja wa wale akina mama, mchele uliotoka kukobolewa, mweupe pee, uliokuwa umerundikwa kwenye turubai kusubiri magunia. Nusu ukamwagika mchangani. Nusu nyingine nilikuwa nimeikalia.

Halafu Mama Kabula, ambaye ghafla ujasiri ulikuwa umemrudia wote, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama Zuhura, umesema kwenu wapi vile?"

"Mama Kabula, mimi nina wageni! Wa posa!"

"Na huyu naye ana wageni, wanamsubiri kazini. Leteni kanga mbili."

Basi. Nikafungwa kanga juu ya dera. Tomasi alipoona na mimi naletwa, akaacha kubishana, akaketi, akasogea kunipa nafasi, akasema Kiswahili pekee alichokuwa nacho: "Karibu, mama." Kiwanja kizima kikafa kwa kicheko.

Kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu ni kwamba kupepeta sijui. Mimi mtoto wa duka. Narusha ungo, mchele unanirudia usoni. Yule kijana kwanza alikuwa ananiiga, akaona hapa hakuna mwalimu, akaanza kumtazama Kwandu anavyopepeta pembeni yetu, na muda si mrefu yeye pumba zinaruka, mpunga unabaki, akina mama wanampigia makofi, "wabeja, wabeja!", asante za Kisukuma, na mimi wa kuhukumu wenzangu natoa mchele puani.

Ndipo Noah nyeupe ikasimama barabarani, njia imezibwa na watazamaji. Akashuka mwanamke wa makamo, baibui limenyooka, uso haucheki. Nikamsikia anamuuliza Masanja, "Huyo mwanamke ni mke wa Mzungu?"

"Hapana," Masanja akajibu kwa furaha yote, "ni mama wa binti anayeposwa leo."

Sikuwaza aibu yangu tena, nilimwaza Zuhura, aliyeshinda wiki nzima anajifunza kupika kahawa ya wageni. Bi Salma akaja mpaka ukingoni mwa mkeka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umefanya nini?"

"Nimemwaga mchele wa watu."

"Na huyu?"

"Amekanyaga mpunga."

"Nani kaamua mpepete?"

Kabla sijafungua mdomo, kiwanja chote kikajibu, "Yeye mwenyewe!"

Bi Salma akanitazama kuanzia kanga mpaka pumba za kwenye nyusi. Mdomo wake ukacheza upande mmoja. "Watoa hukumu nimewaona wengi," akasema. "Wa kuitumikia yake mwenyewe ndiyo kwanza." Nikaanza kunyanyuka nimfuate, akaninyooshea kidole. "Keti. Mchele bado una kokoto."

Nilipofika nyumbani, kanga bado kiunoni, dua ilikuwa imeshasomwa. Posa ya mwanangu wa pekee imekubaliwa, watu wamekunywa kahawa na kula nyama bila pilau, na mimi sikuwepo. Zuhura alinikumbatia, akanitoa punje moja sikioni, akarudi kuosha vikombe vya wageni peke yake. Hilo ndilo lililoniuma.

Mkiniuliza leo, msimamo wangu ni ule ule: mgeni akikosea kwetu, ahukumiwe kwetu. Ila naona tulimpata Tomasi kwa sababu alisimama akashuka garini. Wageni waliokanyaga makubwa kuliko maturubai mawili, wakapita bila kushuka, sijaona hata mmoja kafungwa kanga. Hayo nayasema taratibu, tena nikiwa nimekaa chini. Na nimeapa, siku nyingine nikiombwa kumhukumu mtu, kwanza nitauliza ule mkeka unakaliwa na wangapi.