Perege wa Deodata

Mwaka ule wakimbizi walipojaa Kasulo, hakuna aliyepita nyumbani kwa Deodata akaondoka bila kula. Hata perege wa bwawani kwake aliwafanya wageni: asubuhi aliwamwagia pumba, jioni machicha ya pombe ya ndizi. Wakanenepa, lakini utando wa kijani nao ukalifunika bwawa mpaka maji hayaonekani.

Siku moja Mzee Niyomugabo, mkimbizi aliyefuga samaki kwao Rwanda, alipita kuomba maji ya kunywa.

"Shikamoo, mzee. Eti samaki hawa wanaweza kuula utando huu?"

"Marahaba. Wanaupenda sana. Lakini nani ataacha machicha yako akahangaike na utando? Waache washikwe na njaa."

"Niwanyime chakula? Mimi?" Deodata akawaka.

Hata hivyo akajikaza. Beseni la machicha akalisukumia uvunguni, asije akashawishika.

Siku chache baadaye akaona utando umetobokatoboka. Akainama. Lo! Midomo midogo ilikuwa inauchuna, chwap, chwap, na maji yanang'aa katikati! Deodata akapiga vigelegele, akarukaruka huku akipunga khanga, akapaza sauti bonde zima likamsikia:

"Njaa oyee! Kwangu hakuna kula tena! Atakayeomba chakula hapa, simpi!"

Mumewe, Marcel, ndiyo kwanza alikuwa anaingia uani kutoka shamba. Akasimama, jembe begani.

"Hata mimi, mama Tecla?"