Maji ya borehole na matumbawe ya mwanangu

Jumamosi iliyopita nilipoteza kipande cha mwisho cha matumbawe ya mwanangu Mwangi. Yeye mwenyewe alituacha mwezi wa tano.

Wakuu, salamu kutoka Kitengela. Akaunti ni yake, lakini anayeandika ni babake. Sikusoma sana, mnivumilie. Nitasema vile ilikuwa, hata pale nilipokosea.

Mwangi alikuwa na tangi la maji ya chumvi pale sebuleni, samaki wawili na matumbawe saba. Dadangu Nyambura alikuwa akimtania kwamba Kajiado nzima inafuga ng'ombe, yeye anafuga mawe.

Alipolazwa aliniomba kitu kimoja. Maji ya tangi yakipungua, nijaze mpaka alama aliyochora kwenye kioo, kwa maji ya mtungi anayonunua dukani. Hakuwa na nguvu ya kueleza sababu. Mimi nami sikuuliza.

Kisha tukawa na matanga. Nyumba ilijaa watu kila jioni kwa maombi. Mnajua chai ya maji ya borehole, yale ya kisima kirefu, huku ilivyo na chumvichumvi. Akina mama walipata mitungi ya Mwangi jikoni, wakapika nayo chai siku zote zile. Siwalaumu. Hata mimi niliinywa.

Tangi liliposhuka, mitungi ilikuwa mitupu. Nikafungua bomba ya nje, ya borehole. Nilijiambia maji yetu yana chumvi, na hawa ni viumbe wa bahari, si watayapenda hata zaidi.

Baada ya mazishi niliendelea hivyo hivyo, karibu miezi miwili. Samaki walikuwa sawa, kwa hivyo sikushuku.

Ncha za matumbawe zikaanza kuwa nyeupe, kama ngozi iliyoungua. Nikafikiri ni taa, nikapunguza saa zake. Nikafikiri ni baridi ya Julai, nikaongeza hita. Nikafikiri ni njaa, nikazidisha chakula. Lakini moja baada ya lingine yalibaki mifupa.

Mwishowe nilimpigia Lemayian, rafiki ya Mwangi anayekaa Isinya, naye pia anafuga matumbawe. Alikuja na test kit ya kupimia maji. Chumvi ilikuwa sawa. Akapima kitu wanaita alkalinity. Kwenye daftari ya Mwangi ilikuwa nane. Yangu ilikuwa kumi na sita.

"Mzee, maji ya kujaza unatoa wapi?"

"Kwa bomba ya nje."

"Hiyo iko na magadi, mzee, ndiyo imepandisha hii alkalinity. Ng'ombe zetu hulamba magadi. Hawa inawachoma."

"Basi ni mimi nimewaua."

Hakunikatalia. Alisema tu kwamba sikuwa nimeambiwa.

Tulibadilisha maji kidogo kidogo kwa siku nyingi, kwa sababu kuishusha hiyo alkalinity ghafla pia huua. Wakati huo lilikuwa limebaki lile la zambarau peke yake, ambalo Mwangi alilianza na kipande kama kucha. Lilipozidi kuungua, Lemayian alikata sehemu iliyokuwa bado hai, akaigundisha kwenye kijiwe, akaibeba kwa kopo hadi tangi lake. La hapa nyumbani liliisha wiki hiyo hiyo.

Nililojifunza ni hili. Tangi likikauka kidogo, kinachoondoka ni maji pekee. Kila kilichokuwa ndani ya maji unayoongeza hubaki, na hujilimbikiza. Na mtu akikuachia kitu, muulize sababu akiwa bado anaweza kukujibu.

Wenye matangi huku kwetu na Rongai, nyinyi mnatumia maji gani? Nani amewahi kurudisha tangi baada ya hali kama hii? Samaki wawili bado wako, na sitaki kukosea tena.

Hiyo Jumamosi Lemayian alikuja bila kupiga simu. Alitoa kile kijiwe mfukoni, amekifunga kwa kitambaa. Kipande kilikuwa cheupe chote. Akasema, "Pole, baba. Nimejaribu."

Nilikipokea kwa mikono miwili.