Mstari Mwekundu wa Sauti ya Baba

Nakumbuka mchana mmoja wa miaka ya ujamaa, mwanangu, nilipoketi mbele ya baba yangu kijijini kwetu Munisagara, kinasa sauti magotini, na kiburi cha kijana aliyetoka juzi Praha, kwa Wacheki. Miaka mitatu nilikuwa huko nikijifunza mawimbi ya usemi: jinsi Kicheki kinavyokaza mwanzo wa neno nasi tukikaza karibu na mwisho, jinsi sauti inavyopanda mtu akiuliza, na kushuka akimaliza. Mwalimu wangu, Mama Vlasta, Mcheki mzee asiyejua neno hata moja la Kisagara, lugha yetu, alikuwa amefikia Mikumi akisubiri sauti nitakazomletea.

Nilimpa baba orodha ya sentensi. Aseme kwa Kisagara kwamba mvua imenyesha Rudewa, kwanza kama habari, kisha kama swali. Alikuwa ametoka kupalilia shamba la kijiji, jasho halijakauka. Alisema moja, akasema mbili, kisha akaiacha orodha, akasema kifua kinambana. Nikamwomba kwa adabu, maana adabu ya mdomoni sikuikosa, afuate orodha. Akarudia la kifua. Nikamwomba tena. Aliposema la kifua mara ya tatu, nikamwonyesha sentensi kwa kidole, kama anavyoonyeshwa mtoto. Basi akasema ya mvua, lakini sauti ikakatika kabla ya mwisho.

Nilifurahi, mwanangu. Niliuchora mkato ule daftarini kwa penseli nyekundu, nikaandika kwamba nimegundua tabia ya Kisagara ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Kisha nikaaga, nikadandia lori la Mikumi.

Asubuhi yake Mama Vlasta alisikiliza, nami nimesimama nyuma yake nangoja sifa. Akaurudisha utepe. Akasikiliza tena, akavua miwani.

"Huyu ni nani?"

"Baba yangu."

"Umemwacha na nani?"

Sikuelewa. Akaniambia kwa Kicheki, taratibu, "Hii si tabia ya lugha. Mtu huyu hana pumzi. Anaumwa."

Mgeni asiyejua neno alikuwa amesikia. Mimi niliyelelewa ndani ya lugha ile nilichora mstari.

Tulikwenda mbio kwa Landrova yake. Tulimkuta baba mkekani, midomo imebadilika rangi, shangazi akimpepea kwa kanga. Tukamwahisha hospitali Kilosa, na Mungu akatuachia. Siku alipoweza kuketi nilimwamkia, akaitikia marahaba. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Nilikuambia mara tatu," akasema. "Mara zote tatu ukanisahihisha."

Nimezeeka sasa, na bado maneno yale yananishtua kama nimemwagiwa maji ya mtoni.

Mwanangu, sikukatazi kupima sauti za watu. Jifunze Kicheki, jifunze na za mbali zaidi. Sikio lililofundishwa ndilo lililomwokoa baba. Lakini mtu akiiacha orodha yako, weka penseli chini. Mjulie hali kwanza, kisha ndipo umfanye mfano.

Mungu akupe sikio jepesi, na siku sauti yako itakapokatika kabla ya mwisho, akuweke karibu na mtu atakayesikia.