Bwana Kasoro Akagua Bahari

Kiwandani walimwita Bwana Kasoro, naye, kwa akili zake zile, alidhani wanamsifu. Kazi yake ilikuwa kukagua ndoo za plastiki. Alikaa kwenye kiti kirefu mwisho wa mkanda, akazigonga kwa kidole, akazinyanyua kwenye taa, na akiona mkwaruzo ambao hata malaika asingeuona, alisema neno moja: "Rudisha." Ndoo ikarudi kuyeyushwa, na roho yake ikasuuzika.

Neno hilo akahamia nalo nyumbani. Alirudisha suruali kwa fundi, alirudisha chai jikoni. Hata picha za harusi yake mwenyewe alimrudishia mpiga picha, eti bibi harusi kainamisha kichwa. Zikapigwa upya wiki iliyofuata, bibi harusi kanuna, na hizo ndizo zinazoning'inia sebuleni mpaka leo. Mtu wa namna hiyo ukimpeleka peponi atauliza nani kapaka rangi kuta.

Basi huyu ndiye aliyeipeleka familia yake kisiwani. Binti yake, mtoto wa pekee, alikuwa amejifunza kuogelea shuleni, na mwaka mzima alikuwa na ombi moja tu: baba amwone akiogelea. Mashindano ya shule baba hakuyahudhuria hata mara moja. Alisema viti vya wazazi vimekaa upandeupande. Safari hii akaahidi. Alikodi gari, wakavuka na kivuko cha asubuhi, na jioni walitakiwa kurudi. Barabara ya kisiwa kile inaizunguka pwani yote, kwa hiyo kazi ilikuwa rahisi mno: kusimama, kushuka, kuoga.

"Tutatafuta ufuo wa maana," alitangaza akirekebisha kioo. "Sikuja hapa kuchovya miguu kwenye takataka."

Ufuo wa kwanza alishuka peke yake, akachota mchanga, akausugua kiganjani. "Chengachenga," akasema, akatia gia ya kurudi nyuma. Wa pili hakushuka kabisa. "Huu ufuo au soko?" Wa tatu maji yalikuwa yamekwenda mbali, yameacha vidimbwi tu. Mzaliwa wa bara, bahari ameijua kwenye kalenda, alisimama pale mikono kiunoni kama aliyepunjwa.

"Ujazo pungufu," alisema.

"Yamekupwa tu, baba," mama mmoja mpita njia akamwambia. "Subirini kidogo, yatajaa."

"Mimi ndoo nusu siipokei."

Yule mama alimtazama juu mpaka chini, akasonya, akaenda zake. Haki yake.

Binti alikuwa amevaa nguo ya kuogelea ndani ya gauni tangu alfajiri. "Baba, hapa?" aliuliza kila waliposimama, na kila mara alijibiwa "Bado." Kila ufuo sauti ilipungua, mwishowe akanyamaza kabisa, na yule bwana akaona ukimya ule ni adabu. Hakujua kwamba mtoto anayeacha kuomba hajaridhika.

"Mchagua nazi hupata koroma," mkewe akasema kutoka kiti cha nyuma.

"Wewe tatizo lako unaridhika na chochote."

"Kweli kabisa. Ndiyo maana niliolewa na wewe."

Alasiri ikaanza kuzeeka. Walipofika nyuma ya gereji moja, mahali ambapo majani ya bahari yamelundikana na tairi bovu limejizika nusu mchangani, mkewe akasema, "Simamisha gari."

"Hapa? Mke wangu, hapa hata..."

"Nimesema simamisha."

Alisimamisha. Milango ya nyuma ikafunguka yote miwili, wakashuka bila kumwuliza. Yeye akabaki garini, vioo chini kwa sababu ya joto, akishikilia msimamo wake. Msimamo gani, hata yeye asingeweza kueleza.

Binti alilivua gauni, akaruka yale majani, akajitosa. Alikata maji vizuri, mikono ikipokezana, kichwa kikigeuka kuvuta pumzi kwa wakati wake. Bwana Kasoro alimwona. Alifurahi, tena alifurahi sana, na kwa kuwa furaha ni mgeni asiyemzoea, akaanza kuikagua. Akaipata kasoro: mguu wa kushoto unachelewa. Mtu mwingine angepiga makofi. Yeye alishika kitasa cha mlango ashuke akamwambie habari za mguu.

Pale kwenye maji ya kina kifupi, hatua chache tu kutoka garini, mwanamke mmoja alikuwa anamwogesha mtoto wake mchanga. Binti alipotoka kupumzika, yule mwanamke akamsifu.

"Mwanangu, unaogelea wewe! Na yule garini mbona hashuki? Mwiteni naye aoge, joto lote hili."

Binti alijifuta macho, akageuka akalitazama gari. Hakuwa na hasira yoyote.

"Yule ni dereva," akasema. "Anatusubiri turudi."

Bwana Kasoro alisikia kila neno, na lilimchoma. Mkono wake ukabaki kwenye kitasa. Alimsubiri mkewe asahihishe. Mkewe alikuwa palepale, maji magotini. Mkewe alimtazama mwanawe, akamtazama yule mwanamke, kisha akainama, akaendelea kukamua upindo wa gauni lake.