Programu Iliyodhani Iko Majaribioni

Mpaka leo nikimkumbuka yule fundi wa programu wa Dar es Salaam, damu inanichemka.

Chama chetu cha kuzikana hapa mtaani Kanyenye kilimwagiza atutengenezee programu ya kutangaza misiba. Zamani mtu alipita mitaani na baiskeli akipaza sauti. Siku hizi kila mwanachama anasubiri meseji. Kwa kuwa intaneti yetu inakatika ovyo, programu tuliiweka kwenye kompyuta ya dukani kwangu, ninakotengeneza simu, itume meseji kwa laini ya kawaida ya simu.

Akafariki mke wa jirani yangu, mzee fundi cherehani. Mzee huyu hakosi maziko ya mtu. Bega lake limebeba majeneza ya nusu ya mtaa. Nikaandika tangazo, nikabonyeza, programu ikajibu kwamba meseji zote zimetumwa. Nikafunga duka, nikaenda msibani. Tukasubiri watu. Wapi! Ilipokwisha swala ya alasiri ikabidi tumzike sisi majirani wachache, hata wa kupokezana jeneza hatukutosha. Mzee hakulia. Aliniuliza tu, "Mwanangu, watu nimewakosea nini?"

Nilirudi dukani moja kwa moja, nikaifungua ile programu na kuisoma ndani. Kumbe bwana yule ameiagiza hivi: ukijikuta kwenye kompyuta ya mezani, basi uko kwenye majaribio, usitume kitu, sema tu umetuma. Jamani! Nikampigia. Akaniambia kwake inafanya kazi vizuri, na kwamba kazi halisi huwa kwenye seva, zile kompyuta kubwa za mbali za intaneti, kila mtu anajua. Kila mtu yupi? Sisi huku kompyuta ya mezani ndiyo kazi yenyewe. Kwa nini programu ibahatishe iko wapi, badala ya sisi kuiambia? Na isipoambiwa igome kuwaka, kuliko kutudanganya mchana kweupe. Nilimwambia hivyo hivyo, naye akanijibu nisipaniki. Nisipaniki!

Upuuzi ule niliuondoa mwenyewe, nikatuma tangazo upya pamoja na maelezo ya kilichotokea. Jioni ile uchochoro wa msibani ulijaa, mikeka haikutosha, watu wakimpa mzee mkono na kumwomba radhi. Nami nikamsogelea, nikamweleza kuwa hakumkosea mtu yeyote, ni mashine tu.

"Nimekusikia, mwanangu," akasema. "Sasa nani atamwambia marehemu kwamba walikuja?"